Mishumaa Saba ya Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka jimbo la Ohio, Marekani, ambako nimeishi kwa miaka 11 sasa. Nilizaliwa na kukulia Songea, katika familia ya Kikatoliki, na nimeolewa na Mmarekani mweusi ambaye tumejaliwa naye watoto wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6. Mume wangu ni mtu mwema, ingawa aliacha kwenda kanisani tangu ujana wake, nami, nikisema ukweli, nimekuwa nikienda kwa nadra tangu nilipofika huku.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, familia ya mume wangu husherehekea Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, nyumbani kwa mama mkwe, ambaye ameishika sikukuu hiyo tangu miaka ya 1970. Kwa wasomaji wasioifahamu, mezani hutandikwa mkeka, na juu yake huwekwa kinara chenye mishumaa saba, mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu upande mmoja na mitatu ya kijani upande wa pili, pamoja na matunda, vibunzi vya mahindi kwa idadi ya watoto, na kikombe kimoja cha kunywea wote. Kila jioni mshumaa mmoja huongezwa, mtu mzima huuliza "Habari gani?", na waliopo hujibu kwa kutaja msingi wa siku hiyo: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba au Imani. Mwaka wa kwanza nilipoulizwa hivyo nilijibu "Nzuri", kama ambavyo ningejibu popote, na watu wakacheka kwa upendo kabisa, lakini tangu siku hiyo najiona mgeni ndani ya lugha yangu mwenyewe.

Kilichonifanya niandike kilitokea Desemba iliyopita. Nilikuwa nimechoka, na tulikuwa tumetumia fedha nyingi kwa Krismasi kiasi kwamba zawadi za Kwanzaa na mchango wetu wa karamu ya tarehe 31 tulivilipia kwa kadi ya mkopo. Usiku wa karamu mama mkwe aliniomba, kama anavyoniomba kila mwaka, niwaeleze watoto wote "jinsi tunavyofanya Afrika". Nikajibu mbele ya watu zaidi ya ishirini kwamba Afrika hatufanyi hivyo, kwamba kwetu Songea Desemba ni mwezi wa kupanda mahindi wala si wa kuvuna, na kwamba sikukuu hii ilitungwa na mtu mmoja kule California. Mama mkwe aliondoka mezani bila kusema neno. Mume wangu hakunisemesha kwa siku mbili.

Wiki hiyohiyo mama yangu mzazi, ambaye alitumiwa picha ya wajukuu wake wakiwasha mishumaa, alinipigia simu akilia na kuniuliza tumeingia dini gani. Na binti yangu, ambaye alikuwa amenisikia mezani, aliniuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani: "Mama, kumbe ni uongo?" Sikumjibu.

Sasa Desemba nyingine inakaribia na sijazungumza na mama mkwe kwa undani tangu wakati ule. Je, niendelee kushiriki sherehe ambayo kwangu ni ya kuigiza? Je, sherehe iliyobuniwa na watu, isiyo ya dini na isiyorithiwa kutoka kwa wazee, inaweza kumjenga mtoto, au inamchanganya tu? Ninaogopa kuwaacha watoto wangu bila kanisa na bila hili pia, kwa sababu hapo sijui watashika nini.

Mama wa Wawili, Ohio


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye swali la binti yako, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo maswali yako mengine yote.

Uliyoyasema usiku ule yalikuwa ya kweli. Kwanzaa ilianzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga, mwanaharakati wa California, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts mjini Los Angeles zilizoua watu 34. Jina lenyewe limechukuliwa kwenye maneno yetu "matunda ya kwanza", na herufi moja ikaongezwa mwishoni ili ziwe saba. Hakuna kijiji cha Tanganyika wala cha Kenya kilichokuwa kikiwasha mishumaa hiyo kabla ya hapo. Hata hivyo, kutungwa ni jambo moja na uongo ni jambo jingine. Uongo ungekuwa kumwambia mtoto kwamba sherehe hii imetoka kwa mababu jinsi ilivyo, kisha kumwacha agundue mwenyewe akiwa na miaka 15 na kuanza kushuku kila kitu ulichomfundisha.

Wewe umekulia Songea, kwa hiyo unajua maadhimisho ya tarehe 27 Februari, ambayo huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Watu husimama mbele ya kaburi la pamoja, majina hutajwa, na mtoto wa shule aliyesimama juani huenda nyumbani akijua kwamba kuna watu waliokufa kabla yake kwa ajili ya nchi anayoikanyaga. Maadhimisho hayo yalipangwa na watu: waliketi, wakaichagua siku, wakaamua nani atangulie na nani azungumze. Sijawahi kumsikia mtu wa Songea akisema kwamba ni ya uongo kwa sababu hiyo. Huko uliko, sikukuu ya Shukrani ambayo naamini mnaila pamoja na wakwe zako kila Novemba ilipata nafasi yake ya kitaifa kwa tangazo la Rais Abraham Lincoln mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati ambapo nchi ilihitaji sababu ya kuketi pamoja. Na mahindi uliyoyataja, mwanangu, hayo nayo yalivuka bahari kutoka Amerika kabla ya kuwa ugali wetu, na leo hakuna Mngoni anayeuona ugali kuwa chakula cha kigeni.

Nadhani kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kukueleza, nalo ni kwa nini Wamarekani weusi waliichukua lugha yetu. Wazee wao wengi walisombwa kutoka Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola, si kutoka kwetu, na waliporwa hata uwezo wa kujua walikuwa watu wa kabila gani. Mtu wa namna hiyo anapotafuta lugha ya kumwita mwanawe, hana lugha ya bibi yake ya kurudi kwayo. Akaichagua lugha ambayo haimilikiwi na kabila moja. Katika miaka ile macho ya wengi wao yalikuwa Tanzania, na Malcolm X mwenyewe alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere. Kwanzaa ya kwanza ilimalizika tarehe 1 Januari 1967, na tarehe 5 Februari mwaka huohuo likatangazwa Azimio la Arusha, kwa hiyo neno ujamaa lilikuwa likitamkwa pande mbili za bahari kwa matumaini yanayofanana. Kwa wazee wetu waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 neno hilo lina uchungu wake pia, na mama mkwe wako anastahili kulisikia hilo kutoka kwako, lakini siku nyingine, mkiwa wawili jikoni.

Kwa hiyo jibu la binti yako lipo, na unaweza kumpa leo: "Si uongo. Ni sherehe ambayo watu waliitengeneza kwa kuwa sherehe za kwao walinyang'anywa." Mtoto wa miaka 9 analielewa hilo. Pengine analielewa kuliko sisi.

Sasa nije kwenye faida na hatari, kwa kuwa umeuliza kama sherehe ya namna hii inaweza kumjenga mtoto. Ninaamini inaweza, na sababu yangu ni ya kawaida sana. Sikukuu, iwe ya dini au isiyo ya dini, huikata miezi inayofanana na kumwambia mtoto kwamba leo si kama jana. Huwaleta shangazi na binamu ambao wasingekuja, na huwapa watu wazima ruhusa ya kusema kwa sauti maneno ambayo siku nyingine wangeona haya kuyasema. Ni jioni gani nyingine katika mwaka mzima ambapo bibi na mjukuu wa miaka 6 huketi mezani wakazungumza kuhusu nia, na mtoto akaulizwa yeye ananuia nini? Na kwa kuwa haimtaki mtu akiri imani yoyote, meza hiyo inaweza kumketisha Mkatoliki, mjomba Mwislamu kama yupo, na mume wako aliyeacha kanisa, bila mmoja wao kulazimika kunyamaza wengine wakisali. Katika nyumba iliyochanganyika kama yako hilo si jambo dogo.

Lakini ninataka usome kwa makini zaidi hapa, kwa sababu mama mkwe wako, kwa mapenzi yake yote, amekuwa akifanya kosa moja ambalo sherehe za kiraia hulifanya kwa urahisi. Alikugeuza kuwa shahidi. Alikutaka uthibitishe mbele ya watu kwamba Afrika ndivyo ilivyo, na mtu anayelazimishwa kutoa ushahidi asiouamini ama hudanganya ama hulipuka. Nchi nazo hufanya hivyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa Taifa, na mimi ninayeupenda wimbo huo hadi machozi niliona kwamba ilikuwa haki, kwa sababu wimbo unaoimbwa kwa kuogopa adhabu haumfungi mtu kwa nchi yake. Hivyo una haki ya kumwambia mama mkwe: nitakuja, nitapika, nitaketi, lakini usinitake niseme yasiyokuwepo. Watoto wako nao wawe na haki hiyohiyo siku watakapokua.

Kuhusu fedha nitakuwa mkali kidogo. Sherehe isiyo na kanisa wala msikiti wa kuilinda huvamiwa haraka na biashara, kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kusema inatosha. Katika jimbo la West Virginia, linalopakana na Ohio yako, Anna Jarvis aliandaa mwaka 1908 ibada ya kuwakumbuka akina mama kwa heshima ya mama yake, na mwaka 1914 siku hiyo ikawa ya taifa. Kisha wauzaji wa kadi, maua na peremende wakaishika, na Jarvis aliyatumia maisha yake yaliyobaki akipigana nao. Alikufa mwaka 1948 akiwa hana kitu. Sisi nyumbani tuna Sabasaba, iliyoanza kama kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na leo ukimuuliza kijana wa Dar es Salaam atakutajia maonesho ya biashara. Siyalaumu maonesho, nami hununua huko, lakini ninasikitika kwamba TANU imetoweka ndani ya siku yake yenyewe.

Kwanzaa, ukiifuata ilivyopangwa, haikutaki ukope. Zawadi zake ni za watoto zaidi kuliko watu wazima, inatakiwa kuwemo kitabu na kitu cha kukumbusha asili, na zilizotengenezwa kwa mikono husifiwa kuliko za dukani. Ongea na mumeo kabla ya karamu, mkubaliane kiasi, na kadi ya mkopo ibaki kabatini. Mwambieni mama mkwe waziwazi kwamba mwaka huu mtaleta chungu cha pilau na kitabu kimoja kwa kila mtoto. Nina hakika kwamba mwanamke aliyeishika sikukuu hii tangu miaka ya 1970, wakati hakukuwa na duka lililouza vifaa vyake, hatawahesabia.

Jambo jingine nitalipita haraka: huenda siku moja watoto wakasoma kwamba Karenga alihukumiwa mwaka 1971 na kufungwa kwa kosa la kuwashambulia wanawake. Ni kweli. Msiwafiche, na msimweke yeye mezani kwenu. Mezani wawekeni watu wa ukoo wenu.

Mama yako mzazi ndiye ninayemwonea huruma zaidi katika barua hii, kwa sababu aliona moto, mishumaa na maneno ya kujibizana, na kwa Mkatoliki wa umri wake mambo hayo matatu yakikaa pamoja ni ibada. Mpigie umweleze polepole. Muulize kama anakumbuka Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda nchi ilipopata uhuru Desemba 1961, na jinsi watu wanavyoukesha kwa nyimbo na ngoma unapofika wilayani, bila padre yeyote kudhani kwamba wanauabudu moto. Atakuelewa. Lakini usimwambie kwamba hana hoja hata kidogo, maana anayo moja. Katika karamu za Kwanzaa kuna tambiko, kinywaji humiminwa kwa ajili ya waliotangulia, na sisi tuliokulia na neno hilo tunajua kwamba tambiko haliwezi kuitwa jambo la kiraia kwa sababu tu limewekwa kwenye sherehe isiyo ya dini. Kama dhamiri yako inakukataza, usimimine. Taja majina ya marehemu wako kwa sauti na uketi. Neno imani nalo, katika siku ya mwisho, wakwe zako hulitumia kwa maana ya kuwaamini watu wao, wazazi wao na walimu wao, na mama yako atatulia akielezwa hivyo.

Niruhusu sasa niguse kitu ambacho hukukiuliza. Uliandika kwamba unakwenda kanisani kwa nadra, kisha ukamalizia kwa kuogopa kwamba watoto hawatakuwa na kitu cha kushika. Ninajiuliza kama hasira yako dhidi ya mishumaa ya mama mkwe haikuwa, kwa sehemu, majonzi ya mishumaa yako mwenyewe. Kama unaikosa Misa, nenda kwenye Misa, na uwachukue watoto kama baba yao anaridhia. Kwanzaa haikuzuii; Karenga, ambaye mwanzoni alikuwa na maneno makali kuhusu Ukristo, baadaye alieleza kwamba haikukusudiwa kuchukua nafasi ya dini, na makanisa mengi ya Wamarekani weusi huiadhimisha siku chache tu baada ya Krismasi. Sherehe ya siku saba inaweza kumfundisha mtoto wako kuwa na watu wake. Usiitwishe mzigo wa kumjibu kuhusu kifo, dhambi na sala, kwa kuwa haikujengwa kuubeba, na ukiitwisha utaichukia kwa kushindwa kazi ambayo haikuahidi.

Ama kuhusu kushiriki bila kuigiza, unacho cha kuleta ambacho hakuna mwingine katika familia ile anacho. Jioni ya Ujima, waeleze watoto jinsi watu wa kwetu walivyokuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba akipika chakula na pombe. Jioni ya Kujichagulia, wasimulie habari za Majimaji, na jina la mji wako lilivyotokana na Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani. Na wafundishe watoto wote wa ukoo ule kumwamkia bibi yao "shikamoo" kabla ya kuulizwa "Habari gani?", kwa sababu hiyo ni desturi ambayo kweli inatoka kwetu, na mama mkwe wako amekuwa akiiomba kwa miaka yote hii bila kulijua jina lake.

Usingoje usiku wa karamu kumwomba radhi. Mwombe radhi kwa mahali na kwa namna ulivyosema, wala usiyafute uliyoyasema, kisha mwambie sababu za uchungu wako kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na lile jibu la "Nzuri" na kicheko cha mwaka wa kwanza. Nenda nyumbani kwake kabla Novemba haijaisha, na uende na binti yako, ili aliyesikia mama yake akimvunjia bibi yake heshima asikie pia jinsi heshima hiyo inavyorudishwa.